Musalaba wa shaba: ni alama ya nani?



Munajua wazo lenye lilitolewa mu mukutano wetu: kuweka musalaba mudogo wa shaba, ile tunaita croisette, kwenye karte ya mwanachama. Wengine walipiga mikono. Wengine walikataa kabisa, asema ile ni drapo ya Tshombe. Na mufadhili mumoja aliuliza kama sasa tumekuwa kanisa. Kila upande una sababu yake. Mbele ya kupiga kura, ni vizuri tujue ile alama ilitoka wapi na ilipita katika mikono ya nani.

Kuchagua alama si muchezo. Kule Ujerumani, hata komini ndogo sana ina ngao yake, na ndani yake wanachora kitu cha pahali pao: muto, kinu, ao mununara wa kanisa. Miji ya wachimba madini inaweka nyundo mbili zilizopishana, vyombo vya mutu wa mine. Mugeni akiona ile ngao, anajua watu wa pale waliishi kwa kazi gani. Sisi wa Katanga pia tulikuwa na alama ya kazi, hata mbele ya komini kuwako.

Katika mwaka wa 1957 na 1958, wachunguzi walichimba makaburi ya zamani huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, kwenye muto Lualaba. Walikuta misalaba ya shaba pamoja na wafu. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa, na iliwekwa juu ya kifua. Ya nyuma ni midogo, ni mingi, inalingana, na iliwekwa karibu na mikono na kiuno. Hapo njo wanaona namna shaba iligeuka pole pole kuwa feza. Misalaba ya kwanza ya namna hii ni ya karne ya 13 hivi. Wareno walifika kwenye mulango wa muto Kongo katika miaka ya 1480. Kwa hiyo mufadhili wetu atulie: huu musalaba haukuletwa na misionere. Ni umbo lenye mafundi wetu walichagua wao wenyewe.

Namna walivyoutengeneza, wazee waliielezea mpaka nyakati za wakoloni. Wakati wa kiangazi, kisha mavuno ya mutama, familia zilihamia karibu na kilima chenye shaba. Wamama na watoto waliokota mawe ya majani majani, yaani malakita, juu ya udongo. Wanaume walichimba na kuchoma makala. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na mivukuto ilipuliza moto. Shaba ikiyeyuka, ilimwagwa ndani ya umbo la musalaba. Wafransa na Wabelgiji waliwaita wale mafundi «walaji wa shaba», juu kazi yao njo ilikuwa inawalisha. Musalaba ulinunua vitu, ulilipa mahari, ulitembea na wafanya biashara mpaka mbali. Msiri, mufalme wa Bayeke mwenye alitoka upande wa Tanzania ya leo, alijenga nguvu yake huko Bunkeya kwa sehemu juu ya biashara ile. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na inchi ikaingia mikononi mwa Leopold wa Pili.

Kisha ikakuja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, muji wetu ukaanzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Elisabethville, na mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru kubwa ya Lubumbashi. Mafundi wa vijiji hawakuwa tena na kazi. Watoto wao waliingia kwenye kampuni kama wafanyakazi, na musalaba ukabaki kitu cha kumbukumbu.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu kisha uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kama Katanga imejitenga. Drapo mupya ilipandishwa: pembe nyekundu juu, mustari wa kijani unaopita kando kando, na sehemu nyeupe chini yenye misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Mwaka wa 1961, musalaba uliingia pia kwenye vichele vya franka 1 na franka 5 za Katanga, upande mwingine ukiwa na ndizi. Ni kweli, ilikuwa alama yenye kupendeza. Lakini tusisahau chini ya ile drapo kulikuwa nini. Baluba wengi wa kaskazini ya Katanga hawakuitaka secession, na vita ikawaka. Mwaka wa 1961, hapa hapa Elisabethville, makumi ya maelfu ya watu, zaidi Baluba, walikimbilia kwenye kambi chini ya ulinzi wa ONU. Walikuwa wakimbizi mu muji wao wenyewe. Mwaka uliofuata, wengi walisafirishwa Kasai na kaskazini.

Secession iliisha Januari 1963. Wanajeshi wengi wa Tshombe waliishia Angola, na wakarudi na bunduki mwaka wa 1977 na 1978. Kuanzia 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, kisha Kolwezi. Familia zililala kwenye gare zikingoja treni. Na tarehe 23 Machi 2013, watu wenye silaha waliingia Lubumbashi wakibeba tena drapo yenye misalaba mitatu, na watu walikufa.

Sasa angalieni orodha ya wanachama wetu. Kuna wale waliorudi kutoka kambi za Zambia. Kuna wale wenye wazazi wao walizaliwa Angola. Kuna wale waliofukuzwa na wakarudi kimya kimya. Kama mama mumoja anatetemeka akiona ile karte, tutamuambia nini? «Ni historia tu»? Historia njo ile ile inamutetemesha.

Lakini kuachilia musalaba kabisa ni kuwaachia wenye silaha kitu cha babu zetu. Drapo ya 1960 iliishi miaka miwili na nusu; musalaba una zaidi ya miaka 700. Tena, wenye kuutengeneza hawakuwa kabila moja, na mikono ya wamama na watoto ilikuwa ndani ya ile kazi.

Maoni yangu ni haya: musalaba mumoja, si mitatu, rangi ya shaba peke yake, bila nyekundu, kijani na nyeupe, na chini yake neno «Kazi ya mikono yetu». Na mbele ya kura, wale wenye kuogopa ile alama wapewe neno wa kwanza, wasiingiliwe. Wakisema hapana hata kisha kusikia yote, basi tuchague jembe ao kikapo. Karte ni ya kuingiza mutu mu nyumba, haiwezi kuwa ya kumubakisha mulangoni.