Shamba Lisilo na Hati Nalo ni Mali

Chukua mkulima wa mpunga wa Chita, bonde la Kilombero, aliyerithi shamba bila hati. Je, laweza kuchukuliwa bure?

Jibu lilitafutwa na wakulima wawili wa Mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay na mwanawe Joseph. Mwaka 1987 walifungua kesi ya kurudishiwa shamba lao la kimila, lililochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, wakashinda. Ndipo ikaja Sheria Namba 22 ya 1992, ikafuta haki za namna hiyo na kuzuia kesi zake. Baba na mwana wakaishtaki Serikali kwa kuvunja Katiba, wakashinda Mahakama Kuu. Serikali ikakata rufani.

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kifungu kilichofunga mlango wa mahakama kikabatilishwa. Hata jasho la aliyefyeka pori lina thamani ya kufidiwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inaipa haki ya kimila hadhi sawa na ya hati.

Kwa hiyo nasema: atakayetaka shamba la mtu Chita, kwanza aseme fidia iko wapi.