Walipokonywa watoto mpakani, hakuna aliyewajibishwa

Novemba 1, 2017, mama mmoja kutoka Kongo alifika San Ysidro, kivuko cha mpakani kati ya Tijuana na San Diego, akiwa na binti yake wa miaka 6. Hakuruka uzio wala hakujificha. Alijitokeza kwa maofisa wa Marekani akaomba hifadhi, kama sheria inavyoruhusu. Siku chache baadaye mtoto alichukuliwa na kupelekwa Chicago. Mama akabaki kizuizini San Diego, akisikia sauti ya mwanawe kwa simu tu.

Serikali ilidai haina hakika kama kweli ni mama na mwana. Kipimo cha vinasaba kilichomaliza ubishi kilifanywa Machi 2018, baada ya mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, kwenda mahakamani. Kesi hiyo, ambamo mama huyo anatajwa kama Ms. L., ndiyo iliyobeba baadaye kilio cha maelfu ya wazazi wengine.

Kuwatenganisha watoto na wazazi kulikuwa kumepangwa. Machi 2017 John Kelly, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alisema kwenye televisheni kwamba anafikiria kutenganisha watoto na wazazi ili wengine waogope kuja. Mwaka huohuo utaratibu huo ukajaribiwa El Paso, Texas. Aprili 6, 2018, Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions akatangaza kuwa kila anayevuka mpaka bila kibali atashtakiwa. Kwa kuwa mtoto hafungwi jela na mzazi wake, alihesabiwa kuwa amekuja peke yake na kukabidhiwa Wizara ya Afya. Kosa la mzazi mara nyingi liliishia kwa kifungo cha siku chache, lakini akitoka mahakamani mtoto hayupo.

Juni 17, 2018, Kirstjen Nielsen, aliyemrithi Kelly wizarani, alikana kuwapo kwa sera ya kutenganisha familia. Kesho yake chombo cha habari cha ProPublica kikatoa sauti iliyorekodiwa ndani ya kituo cha kuzuilia wahamiaji: watoto wakiwalilia mama na baba zao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na safari hii taifa zima lilisikia. Juni 20 Rais Donald Trump akasaini amri ya kusitisha zoezi hilo. Juni 26 Jaji Dana Sabraw, aliyesikiliza kesi ya Ms. L. na aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, wa chama cha Republican kama Trump, akaagiza watoto wa chini ya miaka 5 warudishwe ndani ya siku 14, na wengine ndani ya siku 30. Juni 30 waandamanaji wakajaa barabarani katika mamia ya miji.

Kuwarudisha kukawa kazi ngumu, kwa kuwa hakukuwa na mfumo wa kuonyesha mtoto yupi ni wa nani. Jaji Sabraw alibainisha kwamba mali za mahabusu huorodheshwa na kutunzwa, ilhali watoto hawakufanyiwa hata hivyo. Oktoba 2020, wazazi wa watoto 545 walikuwa bado hawajapatikana. Jumla ya waliotenganishwa ilizidi 5,000.

Januari 2021, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria aliripoti kwamba viongozi walijua familia zingetenganishwa, wakaendelea bila maandalizi. Mwisho wa mwaka huo serikali ya Joe Biden ikajiondoa kwenye mazungumzo ya fidia kwa familia hizo. Mapatano ya kesi ya Ms. L. yaliyoidhinishwa Desemba 2023 yanapiga marufuku sera kama hiyo kwa miaka 8 tu.

Patricia Okoumou, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyepanda Sanamu ya Uhuru Julai 4, 2018, kupinga unyama huo, alitiwa hatiani. Waliobuni sera hiyo, hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Bunge la Marekani lisingoje miaka 8 iishe: liandike katazo hilo katika sheria, na liwaite wahusika wajibu hadharani.