Profesa, Mwanafunzi, na Hiari ya Mwenye Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuuhudumia bure mfumo wake wa Windows 10, uliokuwa mikononi mwa watu tangu Julai 2015, na tangu siku hiyo kompyuta nyingi zilizo nzima, ambazo vibonye vyake vyaandika na vioo vyake vyang'aa, zimehesabiwa kuwa ni kuukuu kwa sababu tu hazina vifaa ambavyo Windows 11 yavishurutisha, kama vile zana ya usalama iitwayo TPM 2.0. Watumiaji wa nyumbani walipewa muhula wa mwaka mmoja, nao una masharti yake. Baada ya hapo kila mtu na hatari yake. Katika maofisi na shule zetu rai inayosikika aghalabu ni moja, kwamba mashine zitupwe na nyingine zinunuliwe. Wanaouliza kama upo mfumo mwingine wa kuitia uhai mashine ileile ni wachache mno, na uchache huo wanisikitisha, kwa kuwa mfumo huo upo, tena ulipatikana kwa jitihada na kwa ugomvi ambao wastahili kusimuliwa kwa urefu.

Mfumo wa uendeshaji ndio ule mpango mkuu unaozigawia programu kumbukumbu, unaoamrisha diski, na unaozipa kazi zamu zake, na bila huo kompyuta ni chuma kitupu. Tarehe yake ya awali yajulikana na wengi: mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuitunga Unix katika maabara za Bell huko Marekani, mwaka 1981 kompyuta ya IBM ikatoka na mfumo ambao Microsoft iliununua kwa kampuni ndogo ya Seattle, mwaka 1984 ikaja Macintosh ya Apple, na mwaka uliofuata Windows ya kwanza. Baina ya hayo, mwaka 1983, Richard Stallman alitangaza azma ya kutunga mfumo mzima utakaokuwa huru, akauita GNU, akapata vipande vyake vingi isipokuwa kimoja, nacho ni kiini chenyewe, yaani sehemu ya ndani inayokiamrisha chuma.

Hapo ndipo anapoingia Andrew Tanenbaum, Mmarekani aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam. Huyu alikuwa mwalimu kwanza kabla ya kuwa fundi. Kampuni ya AT&T, iliyokuwa na milki ya Unix, ilikuwa imekataza katika leseni yake kwamba msimbo wa mfumo huo usisomeshwe madarasani, na kwa hiyo walimu wa ulimwengu mzima wakawa wanafundisha ilimu ya mifumo kwa nadharia tupu, bila ya mwanafunzi kuuona mfumo halisi kwa macho yake. Tanenbaum hakuridhika. Akakaa jioni zake nyumbani akautunga mfumo mdogo ulioshabihiana na Unix lakini usiokuwa na mstari hata mmoja wa AT&T, akauita Minix, na mwaka 1987 akautoa pamoja na kitabu cha kuusomesha. Watu waliupokea kwa shauku kuu. Wakamletea maongezo chungu nzima, huyu hiki na yule kile, naye akayakataa mengi, kwa hoja kwamba mfumo ukikua hautaweza tena kuingia katika akili ya mwanafunzi kwa muhula mmoja. Kwa mwalimu, hoja hiyo ni sahihi. Kwa mtu aliyetaka kuitumia kompyuta yake kwa kazi zake za kila siku, ilikuwa ni mlango uliofungwa.

Miongoni mwa waliosimama mbele ya mlango huo alikuwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mapema mwaka 1991 alikuwa amejinunulia kompyuta yenye kichakato cha 386 na kuitia Minix. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaandikia watumiaji wenziwe wa Minix, katika baraza lao la maandishi, kwamba anatunga mfumo wake kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa. Yeye alikuwa amependelea kuuita Freax. Jina la Linux lilitolewa na Ari Lemmke, aliyeuhifadhi kwenye sava ili watu wauchukue.

Kadhia yenyewe ilizuka tarehe 29 Januari 1992. Siku hiyo Tanenbaum aliandika katika baraza lilelile tangazo ambalo kichwa chake kilisema waziwazi kuwa Linux imekwisha pitwa na wakati. Hoja zake zilikuwa mbili, na msomaji hana budi kuzielewa, kwani watu wengi hudhani ulikuwa ugomvi wa wivu. Ya kwanza ilihusu umbo la kiini. Linux ilikuwa na kiini kimoja kizima, mfano wa jahazi ambalo shehena yake yote imo ndani ya ngama moja isiyo na kuta, ambapo maji yakiingia pembe moja yameingia pote. Ilhali Minix ilifuata madhehebu ya kiini kidogo, ambamo kazi za diski na za mafaili zimetengwa mbalimbali, ili hitilafu ya mmoja isimwangamize mwenziwe. Kuunda mfumo wa namna ya kwanza katika mwaka 1991, alisema profesa, ni kurudi nyuma hatua kubwa hadi miaka ya 1970. Hoja ya pili ilikuwa kwamba Linux imefungamana mno na kichakato cha Intel, na mfumo ulio bora haufai kuwa mtumwa wa chuma cha aina moja.

Kijana hakuchelewa. Siku ileile alijibu kwa ukali usiokuwa na staha ya mwanafunzi kwa mwalimu. Alikiri kwamba kwa nadharia na kwa uzuri wa umbo kiini kidogo ni bora, tena akasema kwamba lau kiini cha GNU kingalikuwa tayari majira yaliyopita ya kuchipua, yeye asingalijisumbua kuanza kazi yake. Lakini papo hapo akaishambulia Minix, kwamba haina uwezo wa kushughulikia maombi mengi ya mafaili kwa wakati mmoja. Akamkumbusha profesa kwamba yeye anaingiza fedha kwa Minix ilhali Linux yatolewa bure. Na hoja ya kwamba Minix ilikuwa ni kazi ya ziada tu akaigeuza ikawa lawama, kwa kuwa kazi ya mtu huyo ndiyo hasa kufundisha na kutafiti mifumo. Hasira ilipompungua aliandika tena, akaomba radhi kwa profesa na kwa jamii ya Minix, akikiri kuwa alijibu pasipo kuchunga adabu.

Tanenbaum hakulegeza rai yake. Alimwambia ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, kwani kwa umbo la namna ile asingepata maksi nzuri. Wengine wakaingia katika mnadhara, na kati yao alikuwamo Ken Thompson, si yule wa Unix bali mtu mwenye jina kama lake, ambaye kauli yake naiona kuwa ndiyo ya insafu kuliko zote: kwamba viini vidogo yumkini ndivyo vya siku zijazo, lakini kiini kimoja kizima ni chepesi zaidi kukitunga, na vilevile ni chepesi zaidi kuvurugika kila kinapobadilishwa.

Nani alishinda? Jawabu la haraka ni Torvalds, kwa kuwa ulimwengu uliifuata Linux. Mimi naona kwamba profesa alikuwa na haki katika ilimu na akashindwa katika hiari. Mwezi uleule wa ugomvi Torvalds alitangaza kuwa Linux itatolewa chini ya leseni ya GPL ya Stallman, inayomruhusu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadili na kuugawa, mradi na yeye asiwanyime wenziwe ruhusa hiyo. Watu walewale ambao maongezo yao yalikataliwa Amsterdam wakapokelewa Helsinki. Hata lile la kufungamana na chuma kimoja, ambalo profesa alilishutumu kwa haki, lilianza kuondolewa kufikia mwaka 1995, pale Linux ilipotiwa katika vichakato vya namna nyingine.

Masimulizi haya nimeyaegemeza kwenye barua zao wenyewe na kwenye kumbukumbu aliyoichapisha Tanenbaum mwezi wa Mei 2004, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi. Mwaka huo alimjia Amsterdam Ken Brown, wa taasisi moja ya Marekani iitwayo Alexis de Tocqueville, ambaye alikuwa akiandika kitabu cha kudai kuwa Torvalds hakuitunga Linux peke yake bali alikopi kwa wengine, Minix ikiwamo. Nani angalikuwa na sababu zaidi ya kulikubali dai hilo kuliko mtu aliyetukanwa hadharani miaka 12 kabla? Tanenbaum alilikanusha palepale, kisha akaandika kwa kinaganaga kwamba msimbo wa Linux ni wa Torvalds. Rai yake juu ya umbo la kiini alibaki nayo vilevile. Ushahidi wa namna hii, wa mtu kumtolea hasimu wake haki yake, ni nadra, na wale wanaogombania simu na kompyuta kwa matusi wangefaidika kuusoma.

Yaliyobaki ni mafupi. Simu za Android, zilizo katika mifuko ya watu wetu wengi, zina kiini cha Linux tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008, na kuanzia Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani huendeshwa na Linux. Mwaka huohuo wa 2017 ilidhihirika kwamba Intel ilikuwa imeitia Minix ndani ya chipu zake, katika sehemu ya siri inayoisimamia mashine, hata profesa akaiandikia kampuni hiyo barua ya wazi kusema kuwa angependa angaa aarifiwe. Basi wapo maelfu kwa maelfu wanaojiita watu wa Windows, na ndani ya mashine zao Minix inatumika pasipo wao kuchagua.

Na sisi tuna fungu letu katika tarehe hii, nalo tumelipuuza. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wenzao wa Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, waliitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu zake zote ni za Kiswahili, na ikawa inapatikana bila malipo. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na hapakuwa na haja ya kubisha hodi kwa mwenye milki. Leo ni nadra kumkuta mwalimu wa kompyuta anayeitaja, na wanafunzi wetu bado wafundishwa kana kwamba kompyuta na Windows ni kitu kimoja.

Simwambii mtu aiache Windows wala Macintosh anayoipenda, kwani mapendeleo ni haki ya mwenyewe. Lakini wakuu wa shule na wa maofisi walio na kompyuta zilizoachwa na Windows 10, kabla ya kutia sahihi ya kuzitupa, nawaomba wamwite fundi mmoja, wamwambie aitie Linux katika mashine moja tu, na waitumie kwa mwezi mmoja ndipo waamue.