Wembe Sio Ule Ule: Hii Ndio Siri Imejificha Ndani ya Chuma cha Kisu Chako

Wakenya hupenda kusema wembe ni ule ule. Kwa siasa sawa. Kwa chuma, zii!

Cheki tu hapa Komarock jioni, watu wakishuka Spine Road. Bucha anakata mbavu na kisu kimenolewa mpaka kimebaki nusu. Kinyozi anatoa wembe mpya kwa karatasi. Mama mboga anakata sukuma nyembamba kama uzi. Fundi wa viatu ana kisu alijitengenezea na kipande cha msumeno wa chuma. Hizo nne zote zinang'aa na zote zinakata, lakini ndani ni vitu tofauti kabisa. Usipojua tofauti, utanunua takataka na doo yako, ama utaua kisu fiti na dakika moja ya grainda.

Hii hapa rada yote.

Kaboni ndiye mwenye ploti

Chuma tupu ni laini. Kinachokifanya kishike makali ni kaboni, na haihitajiki mingi. Chuma cha geti na grili za madirisha huwa na kaboni chini ya asilimia 0.3, ndio maana ukikinoa leo, kesho ni butu. Visu vingi viko kati ya asilimia 0.5 na 1.

Fundi hupasha chuma moto mpaka kiwe chekundu, halafu anakichovya ghafla kipoe. Hapo kinakuwa kigumu, lakini pia kinavunjika haraka kama glasi. Kwa hivyo anakipasha tena kidogo tu, kwa visu vingi kama nyuzi 200, ili kilegee kiasi. Hiyo hatua ya pili ndio wengi husahau, na ndio huamua kama kisu kitadumu.

Vitu vingine vyote vinavyoongezwa ni wapangaji kwa ploti ya kaboni. Kila mmoja analeta faida yake na ngori yake.

Kromiamu: mlinzi wa kutu

Mwaka 1913, kule Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromiamu nyingi ambacho kilikataa kushika kutu. Hiyo ndio stenlesi tunayojua. Chuma kikifika karibu asilimia 10.5 ya kromiamu, kinajifunika ngozi nyembamba sana ambayo macho haiwezi kuona, na ikikwaruzwa inajirudisha yenyewe.

Wembe wa kawaida wa stenlesi una kromiamu kama asilimia 13 na kaboni karibu asilimia 0.7. Kisu cha jikoni cha aina ya Ujerumani huwa na kromiamu kama 15 na kaboni kama 0.5. Ndio maana kisu hicho hakishiki kutu haraka, lakini makali yake si ya kudumu kama ya chuma chenye kaboni nyingi.

Na usidanganyike na jina stenlesi. Chumvi na klorini hutoboa ile ngozi. Kinyozi akiacha vyuma vyake ndani ya maji ya Jik usiku mzima, asubuhi atapata vidoti vya kutu, na kila kidoti kwa makali ni pengo.

Springi ya lori: dhahabu ya jua kali

Mafundi wa Gikomba na Kamukunji hawatupi springi kuukuu ya lori. Wako na sababu. Springi nyingi zina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromiamu na manganizi, kila moja chini ya asilimia 1. Hiyo manganizi na kromiamu kidogo inasaidia chuma kigumuke vizuri hata kikichovywa kwa oili badala ya maji, kwa hivyo hakipasuki ovyo.

Hiki ni chuma cha panga na kisu cha bucha: kinapinda kabla kivunjike, na kinavumilia mifupa. Shida yake ni kutu. Kromiamu iliyomo haitoshi kukilinda, kwa hivyo ni kuosha, kukausha na kupaka mafuta kidogo.

Tungsteni: mzito wa moto

Jina lenyewe ni la Kiswidi na maana yake ni jiwe zito. Ndio waya ndani ya balbu za zamani, kwa sababu huyeyuka kwa nyuzi 3,422. Na haitoki mbali sana na sisi: Rwanda inachimba kule Nyakabingo, na mashariki mwa Congo pia iko.

Mwaka 1868 Mwingereza Robert Mushet alichanganya tungsteni na chuma, akapata kitu kigumu hata bila kuchovywa. Karibu mwaka 1900, Taylor na White wa Marekani wakaendeleza hiyo stori, na aina iliyoenea baadaye ilikuwa na tungsteni asilimia 18. Siku hizi aina maarufu ina tungsteni 6 na molibdenamu 5, kwa sababu molibdenamu inafanya kazi ileile.

Raha yake ni gani? Haiogopi joto. Hata ikifika karibu nyuzi 600, bado inabaki ngumu. Ndio maana iko kwa vichwa vya drili na misumeno ya mashine.

Sasa wewe fundi wa viatu, sikiza hapa. Misumeno mingi ya mkono ni vyuma viwili vilivyounganishwa: meno peke yake ndio ya huo ugumu, mgongo ni chuma cha kawaida cha kupinda. Ukisaga meno yote ili unoe huo upande, umetupa tungsteni yote chini. Msumeno mpana wa mashine ndio mara nyingi huwa mgumu mwili mzima.

Basi mbona wembe haujazwi tungsteni?

Fikiria zege. Tungsteni na vanadiamu zikishikana na kaboni zinafanya vipunje vigumu sana, kama kokoto ndani ya simiti. Kokoto ni poa kwa kuzuia kulika. Lakini jaribu kufinyanga kitu chembamba kama karatasi na zege ya kokoto kubwa: kokoto zinang'oka, zinaacha mashimo.

Wembe una unene wa kama milimita 0.1 tu, na makali yake ni membamba zaidi ya hapo. Unahitaji chuma laini kama unga. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, Marekani, walionyesha kwamba nywele, ambayo ni laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, inaweza kumegua makali yake, hasa nywele ikija kwa pembe na pale ndani ya chuma hapako sawa. Kwa hivyo usawa wa chuma ni muhimu kuliko jina kubwa kwa boksi.

Grainda ndio muuaji

Kisu cha kawaida kikiguswa na grainda, angalia rangi. Manjano hafifu, bado uko salama. Zambarau halafu buluu, manze umefika karibu nyuzi 300, na ule ugumu umeenda. Hata kikikatakata siku hiyo, kitakuwa butu haraka, na kunoa tena hakutasaidia mpaka usage hiyo sehemu yote. Chovya kwa maji kila sekunde chache, ama tumia jiwe la mkono.

Jinsi ya kujua umeshika nini

- Sumaku: Toa moja kwa spika mbovu. Kisu kikikataa kushika, hicho ni stenlesi ya vijiko, yenye nikeli, na haigumuki kwa moto. Kikishika, bado si uhakika, lakini angalau kiko kwa mbio.
- Cheche: Springi hutoa cheche nyingi, za kung'aa, zinazopasuka kama nyota. Chuma cha tungsteni nyingi hutoa chache, nyekundu na za kufifia.
- Kutu: Acha tone la maji ya chumvi usiku mmoja. Ikigeuka rangi ya chungwa, hakuna kromiamu ya maana hapo.

Na kwa kinyozi, hesabu ni moja: wembe mmoja, kichwa kimoja, halafu unatupwa. Ukimwi na homa ya ini aina ya B hupita kwa damu, na hakuna madini yoyote ndani ya chuma yanayozuia hiyo. Ukikalia kiti, hakikisha umeona karatasi ikifunguliwa mbele yako. Usione haya kuuliza.