Tegu wa nguruwe

Tegu wa nguruwe (jina la kisayansi: Taenia solium) ni mnyoo bapa anayeishi kama kimelea katika binadamu na nguruwe. Akiwa mpevu hukaa katika utumbo mwembamba wa binadamu. Akiwa lava hukaa hasa katika misuli ya nguruwe. Lava akifika katika ubongo wa mtu anaweza kusababisha kifafa.

Maisha

Tegu mpevu huwa na urefu wa mita 2 hadi 7, na mwili wake una pingili 1,000 hivi. Pingili zilizojaa mayai hukatika na kutoka pamoja na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa ndani yake, na lava hupenya ukuta wa utumbo na kuchukuliwa na damu hadi kwenye misuli. Huko kila lava hukua ndani ya kifuko kidogo cha maji. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, lava huwa tegu mpya. Mwaka 1855 daktari Mjerumani Friedrich Küchenmeister alithibitisha jambo hilo kwa kumlisha vifuko mfungwa aliyehukumiwa kifo, kisha kumpasua alipokwisha kuuawa.

Ugonjwa kwa binadamu

Tegu aliye utumboni mara nyingi haleti dalili kubwa. Hatari zaidi ni mayai yake. Mtu akiyameza kwa maji, mboga mbichi au chakula kilichoshikwa na mwenye tegu asiyenawa mikono, vifuko huota katika misuli, macho au ubongo wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hata mtu asiyekula nguruwe kamwe anaweza kuugua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika maeneo mengi yenye tegu huyu takriban 30% ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii.

Ukaguzi wa nyama

Machinjioni mkaguzi hupasua misuli ya taya, ulimi, moyo na kiwambo kutafuta vifuko. Vikiwa vichache huweza kumpita. Tena, nguruwe wengi wa vijijini huchinjwa nyumbani bila mkaguzi.

Kinga

Mzunguko hukatika watu wakitumia choo, wakinawa mikono kwa sabuni, wakifungia nguruwe bandani na kupika nyama mpaka iive hadi ndani. Nguruwe hutibiwa kwa oksfendazoli, na iko chanjo yao iitwayo TSOL18. Mtu mwenye tegu hutibiwa kwa nikilosamidi au prazikwanteli. Prazikwanteli huweza kuleta degedege kwa mwenye vifuko ubongoni, kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza na daktari.