Grafu ya mkonge inaanzia mwaka gani?

Jamani, leo tuongelee grafu. Najua wengi wetu tuliziacha darasani pamoja na rula na penseli. Lakini sisi waandishi wa habari tunazitumia kila kukicha, na mchoro mbaya unadanganya kuliko sentensi mbaya, maana msomaji huutazama tu, hauhoji.

Chukueni mkonge. Ukitoka Korogwe mjini kuelekea Mombo unapita Makuyuni, na hapo uko katikati ya historia ya zao hili. Mjerumani Richard Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, na katani ikapata njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000.

Utalichoraje anguko hilo? Duara lililokatwa vipande halifai, hata lipakwe rangi gani. Duara linaonyesha kitu kizima kimegawanywaje: kwa mfano, katika mwaka mmoja, mkonge, kahawa na pamba vilichangia kiasi gani. Nguzo zinalinganisha. Mstari unaonyesha safari ya miaka. Mskoti William Playfair alilijua hili tangu 1786. Biashara ya miaka mingi aliichora kwa mistari, ila ya Uskoti akatumia nguzo, kwa kuwa alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu.

Haya, tumechagua mstari. Uanzie wapi? Hapo ndipo penye ugomvi. Uanzishe 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, serikali ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba, na msomaji atamwona mshitakiwa mmoja tu: Ujamaa. Sasa rudi hadi 1960, na chini yake chora mstari wa bei, kwenye mchoro wa pekee wenye miaka ileile. Utaona bei ya dunia ilipanda hadi 1963 na 1964, kisha ikaporomoka kabla ya Azimio. Kamba za plastiki nazo zilikuwa zinaingia sokoni. Utaifishaji haujaachiwa huru, ila sasa kizimbani hauko peke yake.

Mtego mwingine ni umbali kati ya mwaka na mwaka. Sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 23.1, ya 2002 milioni 34.4, ya 2012 milioni 44.9. Weka nguzo tatu zenye nafasi sawa: ongezeko la kwanza ni milioni 11.3, la pili 10.5. Utasema kasi imepungua. Lakini la kwanza lilichukua miaka 14, la pili 10! Kwa mwaka, ni kama watu 810,000 dhidi ya 1,050,000. Kasi iliongezeka. Anayepanga madarasa na zahanati kwa kuangalia nguzo zile atajenga pungufu.

Kwa hiyo wenzangu, mkikutana na grafu ya mkonge, msikimbilie kuona ilivyoshuka. Angalieni kwanza inaanzia mwaka gani. Ikiwa ni 1967, muulizeni aliyeichora: ile miaka mitatu ya nyuma umeiweka wapi?