Kichwa Kinauma kwenye Njia ya Ruwenzori

Mwezi Juni 1889, luteni William Stairs aliliacha bonde la Semuliki pamoja na kundi la Wazanzibari, wakaanza kuukwea Ruwenzori kwa upande huu wetu wa Kongo. Walikuwa watu wa msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, wameshachoshwa na msitu wa Ituri. Walilala mlimani kwenye baridi kali, wapagazi wakiwa na nguo haba, na walipofika kama mita 3,250 makorongo na uhaba wa chakula vikawarudisha. Miaka miwili baadaye Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde la Butawu akapita mita 4,000.

Njia ile haijapotea. Ukitoka Butembo, mji ulioko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, unateremka hadi Beni, unashika barabara ya Kasindi, unavuka Semuliki, kisha unakata kuelekea Mutwanga. Hapo ndipo miguu inapochukua kazi: Kalonge, karibu mita 2,100; Mahangu, kama 3,300; Kiondo, zaidi ya 4,000. Ukosefu wa usalama umewafungia wengi njia hii. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini kichwa kinauma ana mengi ya kujifunza humo, kwa sababu kila kituo kinaugusa ubongo kwa namna yake.

Hadi Kalonge, mzaliwa wa Butembo hana shida kubwa. Mwili wake umeshazoea miinuko. Ukipita mita 2,500 mambo yanabadilika. Kufika Kiondo, kila pumzi inaleta takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa huvuta ufukweni. Ubongo haukubali kukosa. Mishipa yake ya damu inapanuka ili damu nyingi zaidi ipite, na baada ya saa kadhaa kichwa kinaanza kugonga. Si jambo jipya: Wachina wa kale waliandika juu ya Mlima wa Maumivu Makubwa ya Kichwa na mwenzake wa Maumivu Madogo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Anayeugua kipandauso (migraine) huko chini ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuumwa akipanda.

Kwa nini yeye? Jibu limechukua muda. Mwaka 1940, huko New York, Bronson Ray na Harold Wolff walichapisha walichokiona kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kichwa wakiwa macho. Daktari akigusa ubongo wenyewe, mgonjwa hakusikia maumivu. Akigusa utando unaoufunika au mishipa mikubwa ya damu, mgonjwa alilalamika mara moja, na maumivu aliyasikia kwenye paji la uso au nyuma ya jicho. Nyingi kati ya sehemu hizo zinahudumiwa na neva ya trigemini, ile ile inayohudumia uso. Mlimani, oksijeni ikipungua, neva hiyo inachokozwa. Kwa mwenye kipandauso huwaka hata akiwa amekaa nyumbani.

Wengine wenye kipandauso huona dalili kabla ya maumivu kuanza: mistari ya mwanga yenye pembe kali inayotambaa na kuacha giza nyuma yake. Mwaka 1941 mwanasaikolojia Karl Lashley, aliyekuwa akiiona mistari hiyo mwenyewe, alikadiria kwamba kitu fulani hupita juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão alieleza wimbi alilolikuta kwenye ubongo wa sungura: seli hushtuka kwa muda mfupi, kisha hunyamaza, na wimbi husonga kwa mwendo ule ule wa polepole. Baadaye mtafiti Michael Moskowitz akaonyesha jinsi neva ya trigemini inavyofungamana na mishipa ya utando. Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipima damu ya shingoni ya watu walioshikwa na kipandauso wakakuta kemikali iitwayo CGRP imepanda. Dawa zinazoizuia zilianza kutumika 2018.

Historia hiyo inatuhusu sisi wa Butembo na Beni. Duniani, takriban mtu mmoja kati ya saba ana kipandauso, na wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Mama anayefunga duka mapema kwa sababu mwanga unamchoma macho na tumbo linamtapisha, huambiwa ni mvivu, ana mawazo mengi, au amerogwa. Ugonjwa wake ni wa ubongo, mara nyingi unarithiwa ndani ya ukoo, na huamshwa na njaa, kiu, usingizi mchache au siku zake za mwezi.

Kwa hiyo ale kwa saa, anywe maji, alale vya kutosha, na ameze tembe maumivu yakianza tu, si baada ya kuzidiwa. Lakini tembe za kutuliza zikimezwa zaidi ya siku kumi kwa mwezi, zenyewe huweza kuleta maumivu mapya. Kichwa kinachouma pamoja na homa, shingo ngumu au udhaifu wa upande mmoja kisisubiri: kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na anayesema kichwa kinamuuma, aaminiwe kwanza, kwa maana sayansi imeshathibitisha asemayo.